Mwanangu hasalimii wageni, nianzie wapi?

Mama mmoja wa Magomeni Mapipa ana mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye usonji. Mwezi uliopita alinieleza kitu kimoja tu anachokitaka kabla ya Idi: mwanawe awasalimie wageni wote watakaokuja nyumbani. Mwaka jana mtoto alijificha nyuma ya mlango ameziba masikio, na shangazi yake akasema mbele za watu kwamba hakufunzwa adabu.

"Sitaki aibu ile tena," aliniambia.

Namwelewa. Kwetu shikamoo si neno dogo, na mtoto asipoitamka lawama humwendea mama. Lakini hebu tuitazame kazi tunayompa mtoto huyu. Aache anachofanya, amsogelee mtu mwenye manukato makali na sauti kubwa, ajue kama ni wa shikamoo au wa mambo, atamke, kisha asubiri marahaba. Arudie hivyo kwa wageni kumi na watano, sebule ndogo, redio imefunguliwa. Hata mimi ningejificha.

Lengo linalowezekana lina mtu mmoja, mahali pamoja na kitendo kimoja. Tulikubaliana aanze na bibi yake, anayekaa mtaa wa pili na kupita karibu kila jioni. Bibi akifika, mtoto ampungie mkono, basi. Neno litasubiri. Kumtazama machoni si lazima kabisa. Watoto wengi wenye usonji husikiliza vizuri zaidi wakiangalia pembeni, kwa hiyo kumshika kidevu ili akutazame ni kumtesa bure.

Mama aliweka daftari: kapunga mwenyewe, kapunga baada ya kuonyeshwa, au hakupunga. Akipunga mwenyewe mara nne katika tano, ongeza neno au ongeza mtu wa pili, usiongeze vyote. Wiki tatu zikipita bila mabadiliko, usimlaumu mtoto. Hatua ni ndefu, ikate.

Dukani ni vilevile. Kama anapenda maandazi, lengo liwe kumpa muuzaji sarafu ya shilingi 500 na kusubiri apewe, saa nne asubuhi wateja wakiwa wachache. Kariakoo ya Jumamosi si mahali pa kuanzia.

Ila mimi, kabla ya salamu, ningemfundisha kusema "sitaki" na "nisaidie", kwa neno, kwa ishara au kwa kuonyesha picha. Anayeziba masikio nyuma ya mlango anakwambia kitu, hana njia nyingine tu. Akiweza kukuonyesha kwamba kelele zimemzidi, hatalazimika kupiga mayowe ndani ya mwendokasi. Na mtoto anayejua kukataa huwa salama zaidi kuliko anayefundishwa kumpa mkono kila mtu mzima.

Kama mtoto yuko shule, kaa na mwalimu wake wa elimu maalumu mkubaliane lengo moja la nyumbani na darasani. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, pale Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kama bado hajapimwa, anzia kituo cha afya uombe rufaa.

Kuhusu Idi, mama ameshazungumza na shangazi mapema. Mtoto atampungia bibi, kisha ataingia chumbani na magari yake.

Juzi alinitumia ujumbe. Bibi amepungiwa, tena bila mtoto kuonyeshwa, ila kwa mkono wa kushoto, na bibi kalalamika. Nikamjibu aweke tiki.