Kosa Lisilo na Mwenyewe

Mwaka 2014 barua pepe ya kijana mmoja ilikaa kwangu majuma sita bila jibu. Kijana huyo aliishi Kanada. Aliniandikia kwa Kiingereza kwa niaba ya mama yake, mjane wa Tanga, akiomba ofisi yetu ya Serikali ithibitishe miaka ya utumishi wa marehemu baba yake ili mafao yashughulikiwe. Faili nililipata siku ile ile. Kilichonichelewesha, ndugu msomaji, ni Kiingereza.

Niliogopa kukosea. Kila nilipoanza kuandika, niliona sentensi yangu haina hadhi ya ofisi, nikaifuta. Na kadiri siku zilivyopita ndivyo nilivyozidi kutafuta maneno makubwa ya kuombea radhi. Hatimaye nikaandika: "The delay is deeply regretted." Nikajiona bingwa.

Hebu tuitazame sentensi hiyo. Aliyechelewa ni nani? Hayumo. Anayesikitika ni nani? Naye hayumo. Wengi wetu tuliofunzwa barua za ofisi twaamini kuwa huo ndio upole. Mimi nasema huo ni woga uliovaa tai. Wala tusiwasingizie Waingereza, kwani lugha yao inayo "I am sorry", ambamo mwenye kosa husimama mwanzoni kabisa mwa sentensi. Kujificha tumechagua wenyewe, na kwa Kiswahili pia twajificha tusemapo, "Suala lako linashughulikiwa."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Ningalichutama hivi: "I am sorry for this late reply. Your letter reached me six weeks ago and I put it off. The confirmation you asked for is attached." Kosa, mwenye kosa, na kilichoombwa, basi. Wako watakaosema kwamba kukiri hivyo kwa maandishi ni kumpa mkubwa wako fimbo ya kukuchapia. Huenda. Lakini je, ni haki mjane achapwe kwa niaba yangu?

Kijana alinijibu kwa Kiswahili: "Asante mzee. Mama alikuwa akiniuliza kila Ijumaa."

Kwa Kiswahili! Lugha ambayo Rashidi Kawawa aliagiza itumike katika shughuli za Serikali tangu 1967. Yeye alidhani bila Kiingereza hatasikilizwa. Mimi nilidhani bila Kiingereza kikubwa sitaheshimiwa. Gharama ya dhana zetu hizo ililipwa na mama asiyekuwamo katika mazungumzo.

Ndugu msomaji, kama nawe unayo barua iliyolala, usiitafutie maneno. Ijibu leo, useme ni wewe uliyechelewa.