Siku yako ya kwanza kwenye feri ya Mbita

Barua moja imekaa juu ya meza yangu kwa majuma mawili sasa. Imetoka kwa mama mmoja wa Kondele, Kisumu, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Mama mkwe wake anaishi Kisiwa cha Rusinga, ni mgonjwa, na hajawahi kumtia machoni kitinda mimba wa nyumba hiyo ambaye sasa ana umri wa miaka 4. Bwanake anafanya kazi Nairobi na hapati ruhusa. Kwa hivyo shule zikifungwa ni yeye mwenyewe atakayeshika usukani na kuwapeleka watoto wake watatu kwa dani yao. Shemeji yake amemshauri apite Luanda K'Otieno na kuvuka kwa feri hadi Mbita. Sasa tazama: hajui kuogelea, hajawahi kupanda hata mashua ya matembezi pale Dunga, na leseni yake ya kuendesha gari haijatimiza mwaka. Anauliza kama ni busara.

Mama, nimechelewa kukujibu kwa sababu sikutaka kukupa lile jibu jepesi la "usiogope." Ziwa hili ni la kuogopwa. Ni zaidi ya kilomita 68,000 za mraba, na sisi Wakenya tuna asilimia 6 hivi tu, lakini hiyo asilimia 6 imetosha kuwaliza watu wengi. Ninachotaka ni uogope yale yanayostahili kuogopwa, na mengine uyaache.

Kwanza jua kwamba hulazimiki. Unaweza kupita Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, ukaingia Mbita bila kugusa maji, kwani siku hizi kuna lami hadi huko, na kutoka Mbita daraja litakuvusha hadi Rusinga. Ukiamua hivyo hakuna atakayekucheka. Lakini njia ya feri ina raha yake. Unatoka Kisumu, unakata kushoto pale Kisian, unafuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha unateremka hadi ufuoni. Hapo unavuka mdomo wa Ghuba ya Winam kwa muda wa kama saa moja hivi ziwa likiwa tulivu, huku watoto wakitazama vilima vya Gembe vikiwakaribia.

Neno moja kwa wanafunzi watakaokwenda kwa matatu. Ukiwa kituoni Kisumu usiseme "Luanda" ukanyamaza. Kuna Luanda nyingine iliyo kwenye barabara ya Busia, karibu na Maseno, na utingo hatakuuliza unakwenda ipi. Namjua kijana wa chuo aliyeshushwa huko na begi lake, akauliza ziwa liko wapi, watu wakamtazama kama aliyerukwa na akili. Sema "Luanda K'Otieno," na useme mara mbili.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga simu ujue saa za feri siku hiyo. Ratiba hubadilika, na chombo hakivuki kila dakika kama kule Likoni. Kama unaweza, vuka asubuhi. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na upepo kutoka ziwani huja kujaza pengo. Ndiyo maana ziwa lililokuwa kama mafuta saa tatu asubuhi huwa limeanza kukunja uso saa tisa alasiri. Wavuvi wa Mbita wanalijua hili bila kufundishwa na mwalimu yeyote wa jiografia. Ukifika ufuoni ukaona wingu jeusi limekaa juu ya maji na nahodha anasitasita, usiwe miongoni mwa wale wanaomfokea kwamba wamechelewa.

Sasa tuje kwa gari, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Ukifika gatini, watoto washuke wote kabla hujapanda. Waingie kwa miguu pamoja na abiria wengine, yule mkubwa wa kidato cha pili akimshika mkono mdogo. Wewe ingia peke yako garini, vioo vikiwa chini na mkanda umeufungua. Ule ulimi wa chuma unaoteremshwa hadi ufuoni huwa na mteremko, aghalabu una maji na matope, na gari likiukanyaga hutoa kishindo kinachomshtua mgeni akakanyaga breki. Usikanyage. Weka gia ya kwanza, nenda polepole kwa mwendo mmoja, na macho yako yawe kwa baharia anayekuonyesha kwa mikono, si kwa mlolongo wa watu wanaokupigia kelele kila mmoja na maagizo yake. Baharia huyo akikuambia usogee kulia, au akikuondoa mbele akupeleke nyuma, usibishane. Anapanga uzito. Lori la mchanga likikaa upande mmoja, magari madogo hupelekwa upande wa pili ili chombo kisilale ubavu.

Ukishasimama mahali pako, vuta breki ya mkono hadi mwisho. Zima injini. Acha gari likiwa kwenye gia, au kama ni la kujiendesha gia, liwe kwenye P. Kisha hakikisha umeona kwa macho yako kipande cha mbao au chuma kikiwekwa chini ya magurudumu. Kama hakijawekwa, omba kiwekwe, na uombe kwa sauti. Kama gari lako lina king'ora cha wezi kinacholia likitikiswa, usikiwashe, la sivyo utawaburudisha abiria hadi Mbita.

Halafu shuka.

Hapa ndipo lazima nikiri kosa langu. Mwaka wa 2014 nilivuka hapo na mke wangu na binti yetu aliyekuwa mdogo wakati huo. Mvua ilikuwa ikinyesha, mtoto amelala kiti cha nyuma, nami nikaona hakuna haja ya kumwamsha. Nilipandisha vioo nikawasha redio. Baharia mmoja, kijana tu, akaja akagonga kioo. Nikajifanya simwoni. Akagonga tena. Nilipoteremsha kioo kidogo, nilimwambia kwa ukali kwamba nimelipa nauli ya gari na nitakaa ndani ya gari langu nitakavyo. Hakujibu matusi yangu. Alisema tu, "Mzee, mtoto atoke." Mke wangu hakungoja nimalize hoja zangu. Alimbeba mtoto akashuka naye mvuani, nami nikabaki ndani peke yangu kama mfalme asiye na raia. Baada ya dakika chache aibu ikanitoa.

Miaka mitano baadaye, jioni ya Jumapili, Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye mdogo lilirudi nyuma likatumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee, katikati ya kivuko cha Likoni. Wengi wetu tuliitazama ile video. Iliwachukua wapiga mbizi hadi Oktoba 11 kuwatoa, kutoka kina cha mita 58. Usiku ule wa Jumapili mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu, na nilijua anamkumbuka yule baharia wa mvuani. Sikuwahi kumwomba radhi kijana yule, na sidhani nitamwona tena.

Gari lililofungwa vioo ni sanduku. Likiingia majini, shinikizo la maji huuegemea mlango usifunguke, na vioo vya umeme huenda vikakwama. Ndiyo sababu nimekwambia vioo viwe chini hata ukiwa unapanda na unaposhuka. Na mtoto asibaki ndani, awe amelala au ni mgonjwa, mvua inyeshe au isinyeshe.

Ukishashuka, tafuta mahali pa kukaa palipo wazi, karibu na njia ya kutokea. Usisimame katikati ya magari mawili, kwani gari likisogea hata kidogo linabana miguu. Kabla chombo hakijang'oa nanga, tazama jaketi za kuokoa maisha zilipo. Usiridhike kuona zimerundikwa chini ya viti na kufungwa kwa kamba. Toa nne, zijaribu. Jaketi ya mtu mzima haimfai mtoto wa miaka 4, maana akiingia majini inampanda kichwani naye anachomoka chini. Uliza ya watoto, uifunge kamba zote, na ile inayopita katikati ya miguu kama ipo. Atalia. Mwache alie.

Tazama pia watu. Chombo cha abiria kina idadi iliyoruhusiwa, na Halmashauri ya Usafiri wa Majini, ile iitwayo KMA, ndiyo inayokagua vyombo hivi nchini. Ukiona watu wanaendelea kuingia na hakuna pa kukanyaga, una haki ya kushuka. Nauli si kitu. Feri ya MV Nyerere ya wenzetu wa Tanzania iliruhusiwa kubeba abiria 101. Septemba 20, 2018, ilipopinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, katika ziwa hili hili letu, waliokufa walikuwa 228. Na idadi kamili ya waliokuwemo haikujulikana vyema, kwa kuwa karani wa tikiti naye alikufa na mashine yake ikapotea. Kwa hivyo ukiulizwa jina gatini, usiandikishe "Mama Nani na watoto." Taja majina yote manne kama yalivyo, na umtumie bwanako ujumbe kwamba mmepanda na ni saa ngapi.

Kuna jambo jingine katika msiba wa Ukara ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Chombo kile hakikuzama katikati ya ziwa. Kilikuwa kimebakisha mwendo mfupi sana kufika. Na MV Mtongwe iliyoua watu 272 kule Mombasa, Aprili 29, 1994, ilipinduka mita chache tu kutoka gatini. Mgeni hufikiri hatari iko pale mbali ambapo haoni nchi kavu. Kumbe mara nyingi iko pale mwishoni, watu wanapoona nyumba za kwao, wakainuka wote kwa pamoja na mizigo yao, wakakimbilia upande mmoja ili wawe wa kwanza kushuka. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakivumilii hilo. Mbita ikionekana, wewe na wanao kaeni. Watu watakupita, watakukanyaga, watakuuliza kama umelala. Kaeni. Rudi garini tu baharia atakapokuambia, washa injini baada ya ulimi wa chuma kugusa ardhi na si kabla, na watoto washuke kwa miguu kama walivyopanda.

Kuhusu kutapika, ambako umekuuliza kwa mistari sita, sina mengi. Wape kifungua kinywa chepesi, chapati kavu au mkate, si maharagwe ya jana. Wakae katikati ya chombo, watazame mbali mahali maji yanapokutana na mbingu, wasitazame simu. Beba mifuko miwili mitatu na tangawizi ya kutafuna. Basi.

Na wasikose kuona. Yule wa kidato cha pili mwulize kama mwalimu wake wa historia amemwambia kwamba meli kubwa za ziwa hili zililetwa vipande vipande. Hata MV Uhuru, iliyoanza kubeba mabehewa ya gari moshi tumboni mwake miaka ya 1960, ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikaja kuunganishwa upya Kisumu. Mkifika Rusinga, kaburi la Tom Mboya liko hapo kisiwani, na ni katika udongo wa kisiwa hicho Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul mwaka wa 1948. Mtoto akiyajua hayo safari inakuwa na maana zaidi ya kuhesabu mawimbi.

Jibu langu basi ni kwamba nenda kwa feri, ya asubuhi, mkiwa mmevaa jaketi. Ila kama siku hiyo ziwa limechafuka au chombo kimejaa, geuza gari urudi Ndori, upande Kisumu, uzunguke kupitia Homa Bay. Utapoteza siku nzima na mafuta mengi, na mama mkwe atakungojea hadi jioni. Ndiyo maana nakuomba usitoke Kondele na mafuta ya kwenda tu.

Ukirudi niandikie. Nataka kujua kama dani alimtambua kitinda mimba kwa sura, na kama yule mtoto alikubali kuvaa jaketi au alilia hadi Mbita.