Paa la Luanda Kotieno si paa la Munich

Haya, leo nitawaudhi mafundi wa sola, na wenzangu watunga programu pia.

Shangazi yangu anauza samaki Luanda Kotieno, karibu na gati la feri ya Mbita. Alinunua paneli mbili na friza ndogo. Fundi akazifunga kwenye ukuta wa nyuma, chini ya mwembe, zikitazama kusini kwa mwinamo wa digrii 30. Kwa nini? "Simu imesema." Na mwembe je? Ati wezi wasizione. Kufika Juni friza ikawa inazima kabla ya alfajiri, na mbuta aliyeoza hana mnunuzi.

Jamani, hesabu hiyo ni ya Munich, digrii 48 kaskazini mwa ikweta, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Luanda Kotieno iko kama nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, digrii 24 hivi kutoka utosini. Paneli ya shangazi, hata bila kivuli, ingepata chini ya asilimia 60 ya miale ya moja kwa moja saa hiyo. Ikilazwa bapa hupata zaidi ya 90!

Maduka yamebanana pale sokoni. Palipo wazi ni juu ya mabati. Pandisheni huko. Mwinamo wa digrii 10 watosha mvua isafishe vumbi na mavi ya ndege. Acheni nafasi hewa ipite chini, maana paneli hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila digrii ya joto kupita 25, na bati la mchana ni kikaango. Mwenye paa la pande mbili aanze na la mashariki: huku kwetu dhoruba hupenda kuja alasiri. Mwembe usahauni. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kivuli cha tawi moja chaweza kula theluthi ya paneli.

Wezi? Anayetembea juu ya mabati usiku husikika mpaka Mbita.

Sasa watunga programu. Ile simu ya fundi ilikuwa na kikokotoo cha sola chenye "30, kusini" tangu kinapofunguliwa. Nilikiandika mimi. Namba nilizinakili kwenye mwongozo wa Kijerumani, sikufikiri. Na kisingizio sina: PVGIS ya Tume ya Ulaya ni ya bure na data ya Afrika imo.

Jana nimezifuta, sasa programu inauliza kwanza uko wapi. Jumamosi natoka Kisumu na spana zangu.