Msiulize ndege ina miaka mingapi

Ng'ambo ya Lualaba
Safu ya kila wiki ya Feruzi Amisi

Umoja wa Ulaya ulipotangaza orodha yake ya kwanza ya mashirika ya ndege yaliyofungiwa anga lake, Machi 2006, karibu mashirika yote ya Kongo yalikuwamo. Hewa Bora nalo lilikuwamo, ila ndege yake moja iliachwa iendelee kwenda Ulaya: Lockheed TriStar, dude la injini tatu lenye njia mbili za kupita katikati ya viti. Kiwanda kilikuwa kimeacha kuunda TriStar tangu 1984. Wakaguzi wa Ulaya, watu wasio na simile, waliikubali ndege ya kizamani na kuzikataa nyingine.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu hapa Kasongo, kusini mwa Maniema, kila ndege ndogo inapotua, watu waliosimama kando ya kiwanja huuliza lile lile: hii imezeeka kiasi gani? Hutazama rangi iliyobanduka, viti vilivyochanika, kisha hutikisa kichwa. Hofu yao naielewa, maana tumezika watu. Tarehe 25 Mei 2005, Antonov 28 iliyoondoka Goma kuja Kindu iligonga mlima upande wa Walungu, hakupona mtu. Agosti 2020, Let 410 iliyotoka Kalima ikielekea uwanja wa Kavumu ilianguka karibu na mwisho wa safari, na wote waliokuwamo wakafa. Hizo ndizo njia zetu, safari zisizofika hata kilomita 400. Lakini swali la umri halitatuokoa, na linawapa nafasi ya kujificha wale wanaopaswa kuulizwa maswali mazito zaidi.

Ndege kubwa ya abiria haichoshwi na kalenda. Huchoshwa na kuruka na kutua. Ikipanda juu, hewa hujazwa ndani ili watu wapumue, na bati la mwili wake hutanuka. Ikishuka, hurudi. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa: siku haziukati, mikunjo ndiyo inayoukata. Ndege inayovuka bahari kwa saa kumi hukunjwa mara moja. Inayorukaruka kati ya miji ya jirani hukunjwa mara tano au sita kwa siku hiyo hiyo.

Ulimwengu ulilijua hilo kwa uchungu tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikienda na kurudi kati ya visiwa vya Hawaii, ilibanduka paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akavutwa nje na kupotea. Ilikuwa na miaka 19. Saa zake angani zilikuwa 35,496, si nyingi kwa umri huo, lakini ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680. Safari fupi ndizo zilizoimaliza, na waliokuwa wakiikagua hawakuziona nyufa.

Wajapani walikuwa wamelifikiria jambo hilo mapema. Walipotaka kubeba umati wa watu kati ya Tokyo na Osaka, waliagiza Boeing 747 za aina ya pekee, zilizoimarishwa kwa ajili ya safari fupi za ndani. Moja ya hizo ilianguka tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520. Umri wake ulikuwa miaka 11 tu. Mwaka 1978 mkia wake ulikuwa umegonga njia ya kurukia, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ukatengenezwa vibaya. Kiraka kile kilisafiri miaka 7 na abiria kabla ya kuachia.

Sasa tazama pwani ya Waswahili wenzetu. Kwa miaka mingi Condor, shirika la Kijerumani la kubeba watalii, lilikuwa likileta Boeing 767 zake Mombasa na Zanzibar, na mara nyingine ndege ile ile ikimaliza kushusha watu mji mmoja iliruka kwenda mwingine, kisafari cha kilomita 250 hivi, kwa dude linaloweza kubeba watu zaidi ya 250. Condor ilianza kutumia 767 za aina hiyo mapema miaka ya 1990 na kuziacha juzi tu. Mtalii wa Frankfurt alipanda ndege yenye umri wa kuwa na wajukuu, akaenda kuota jua akarudi salama. Salama hiyo ililindwa na daftari: kila kipuri kina tarehe yake, kila kutua kumeandikwa, na yupo mkaguzi wa serikali mwenye uwezo wa kuifunga ndege asubuhi hiyo hiyo bila kuogopa simu ya mkubwa.

Turudi kwetu, maana kwetu jambo lina sura nyingine kabisa. Antonov 28 na Let 410 hazijazwi hewa. Ule uchovu wa bati ulioifungua ndege ya Hawaii si ugonjwa wao mkuu. Ugonjwa wao mkuu ni uzito, hali ya anga, urefu na ubora wa kiwanja, na injini isiyoangaliwa kwa wakati. Kwa hiyo anayezihukumu kwa mwaka wa kuzaliwa tu anapima joto la mgonjwa asiye na homa.

Nimesimama kiwanjani nikatazama mizigo inavyopakiwa. Gunia la mchele linawekwa kwenye mizani, kijana anaandika 52. Bidoni za mawese zinapimwa, 21, 22. Kisha mama mwenye gunia anapita moja kwa moja kuelekea mlangoni, na kijana anauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na wewe mwenyewe?" Anajibiwa, "Mimi si mzigo, baba." Kijana anaona haya, hamsimamishi, anajaza namba ya kukisia. Nyuma yake wapo wengine, kila mmoja na mfuko wa mkononi usiopimwa, na mkubwa fulani amefika akiwa amechelewa na sanduku ambalo hakuna anayethubutu kuliulizia. Rubani anapewa karatasi ile kama vile ni kweli. Kwa ndege ya viti 19, kilo 200 zilizofichwa si jambo dogo: zinaongeza mita za kukimbia kabla ya kuruka, tena saa sita mchana hewa ikiwa ya moto na nyepesi, udongo ukiwa bado umelowa mvua ya usiku.

Tena si uzito tu, hata mahali pake. Agosti 2010, Let 410 ilianguka Bandundu ikikaribia kutua, watu 20 wakafa na mmoja akapona. Kwa maelezo ya huyo aliyepona, mamba mdogo alitoka katika mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani yake. Mamba yule aliingiaje? Kwa mfuko ambao hakuna aliyeufungua.

Na viwanja je? Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, ikapitiliza na kuingia kwenye nyumba na maduka ya watu. Walikufa wapatao 40, wengi wao wakiwa hawana hata tiketi, walikuwa katika shughuli zao. Kiwanja kile kilikuwa kimefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, na miaka 6 ilikuwa imepita bila lava kuondolewa yote. Ndege ilikuwa ya zamani, ni kweli. Lakini hata ndege mpya huhitaji mita za kukimbilia.

Tunayo sheria ya usafiri wa anga, namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Tunayo mamlaka ya kuisimamia. Na tangu 2009 tunalipa Go-Pass, ada ya kuendeleza viwanja, tuliyoizoea kwa dola 10 kwa safari ya ndani. Mfanyabiashara wa Kasongo hulipa, mgonjwa anayepelekwa Kinshasa kupitia Kindu hulipa, mwanafunzi hulipa. Nataka mbunge wetu mmoja, mmoja tu, asimame aulize ni dola ngapi kati ya hizo zimewahi kufika kwenye udongo wa viwanja vya kusini mwa Maniema, na zilifanya nini.

Kwa jirani zetu wa Kabambare hali ni chungu zaidi. Huko mgodi wa dhahabu wa Namoya ulijengewa njia yake ya ndege, na watu wa Salamabila wamezoea kuziona ndege zikipita juu ya vichwa vyao bila wao kuzipanda. Mama mwenye uzazi mgumu kijijini hupakiwa kwenye pikipiki, na hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 za matope.

Nayasema haya sasa kwa sababu njia zetu za mashariki zimefungwa. Uwanja wa Goma umefungwa tangu vita vya Januari 2025, na Kavumu ikafuata Februari. Ndege ndogo zilizokuwa zikituletea dawa, sabuni na vipuri vya pikipiki zilitoka huko. Watu wenye haja hawachagui, na anayewatafutia ndege huleta yoyote inayopatikana, kutoka popote, na wakaguzi wakiambiwa wafumbe macho kwa ajili ya njaa ya watu, watafumba. Sitaki wafumbe. Dawa inayotufikia kwa ndege iliyozidishiwa mzigo inaweza isitufikie kabisa.

Kwa hiyo naomba mambo ya bei nafuu. Mizani ya watu iwekwe kiwanjani, na kila abiria apande, mkubwa na mdogo, mheshimiwa na mchuuzi. Orodha ya uzito ibandikwe ukutani kabla ndege haijawasha injini, tuisome. Tarehe ya ukaguzi wa mwisho na jina la ofisi iliyoufanya viandikwe dirishani pale tiketi zinapouzwa. Na yule mama wa mchele akisimamishwa, wazazi waliopo wasimcheke kijana mwenye kalamu, wamwambie mama apande mizani, kisha wapande wao.