Hii nayo ni kazi, wasee

Siku ya kushauriwa kuhusu kazi shuleni kwetu, walikuja daktari, injinia na jamaa wa benki. Hakuna aliyetuambia kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha jamii yao haiamuliwi mambo ikiwa nje ya mlango. Mimi nilijua hiyo kazi iko juu ya kesi ya Waogiek.

Waogiek ni watu wa Msitu wa Mau, wawindaji na warina asali tangu enzi za mababu. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke, eti msitu uhifadhiwe. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, na hukumu ikatoka Mei 2017. Soma hapa polepole: mahakama ilisema serikali haikuthibitisha kwamba Waogiek ndio wameharibu Mau. Walioharibu ni wavamizi wengine, na serikali yenyewe kwa kumega msitu na kuruhusu miti ikatwe ovyo. Yaani mwenye mzinga ndiye alikuwa anafukuzwa!

Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000, wapewe hati ya ardhi yao, na waulizwe kabla ya mradi wowote kuanza kwao. Novemba 2023 familia zikafurushwa tena.

Najua mtasema, si basi hiyo kazi ni bure? Zii. Bila wale waliokusanya ushahidi miaka yote hiyo, leo tungekuwa bado tunaambiwa Waogiek ndio wabaya wa Mau. Shida ni kwamba hukumu haijitekelezi. Lazima kuwe na mtu wao ndani pale bajeti ya msitu inapopangwa, na pale biashara ya kaboni inapojadiliwa. Saa hii picha ya mzee amebeba mzinga iko kwa kila brosha ya tabianchi, lakini kwa kikao chenyewe kiti chake hakuna.

Pesa si nyingi, sitawadanganya, na mzazi atakuuliza utaoa na nini. Lakini wanahitajika mawakili, wachora ramani, watu wa kamera, na hasa vijana waliotoka kwa hizo jamii zenyewe. Sisi wengine tuwape nafasi, tusiwaongelee.

Kwani shuleni kwenu walikuja nani?