Picha yenye kutuchongea: tufunge mulango wa barua pepe zetu



Diploma iko mukononi, kazi hakuna. Kila asubuhi tunanunua mega kidogo na kufungua barua pepe, tukitafuta jibu la maombi yetu. Ni kwa mulango huo huo wezi na wapelelezi wanapita.

Picha ingine inafika ndani ya barua yenyewe. Ingine haiko ndani: barua inabeba anwani tu, na simu yako inaenda kuichukua kwenye kompyuta ya mbali. Hapo hapo kompyuta ile inaandika saa umefungua barua na aina ya mashini yako. Anwani ya IP inaonyesha kampuni yako ya intaneti na, kwa kukadiria, muji uliko. Kila mutu anaweza kupewa anwani yake ya picha, ili ajulikane. Na picha inaweza kuwa nukta moja tu, jicho haliioni.

Kwa mwizi, hiyo inatosha: amejua anwani yako iko hai, kesho atakutumia kazi ya uongo na kuomba pesa ya dosie. Kwa raia mwenye kufuatwa juu ya musimamo wake, hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2018, watafiti walionyesha udhaifu wenye jina Efail: hata barua iliyofungwa kwa siri, picha ya mbali iliweza kutoa maneno yake inje.

Tangu 2013, Gmail inapitisha picha kwenye kompyuta za Google. Ile inaficha IP yako, lakini mwenye kutuma bado anaweza kujua umefungua.

Kwa hiyo tunasema:

Vijana, ingieni kwenye mipangilio ya Gmail, muchague iulize kwanza mbele ya kuonyesha picha za inje. Mega pia zitabaki.

Mashirika yenye kutangaza kazi, muache kutuwekea nukta za siri. Tunaomba kazi, hatuombi kuchungwa.

Serikali, Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mutu binafsi. Sheria isibaki kwenye karatasi, itumike.

Barua ni ya mwenye kuandikiwa. Saa aliyoisoma, ni siri yake.