Kibasi chako kinadai bodi? Anza kupekua makopo ya kwenu!

Wiki hii naongea na watu wa vibasi. Najua mpo wengi tu: mnanunua kigari cha dukani, mnakivua nguo, kesho yake kimegeuka Kipanya au Coaster yenye mstari wa ruti na jina la kibabe kwenye kioo. Kazi zenu bomba, sina ubishi. Noma inaanza pale unapotaka kurefusha bodi au kuongeza keria, halafu plastiki ya bapa huna.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani kwao mteremko. Wanaingia duka la vifaa vya hobi, wanachukua polistireni nyeupe iliyopangwa kwa unene: robo milimita, nusu, moja na kuendelea. Evergreen ya Marekani inauza hivyo. Hata vile vya kuunganisha vya Airfix na Tamiya, plastiki yake ni hiyohiyo. Raha yake iko kwenye gundi: inayeyusha kingo mbili, zinaingiana na kuwa kitu kimoja, kama chuma kilichopitiwa na fundi wa kuchomelea.

Kuagiza unaweza, ila kwa vipande vitatu tu gharama ya usafiri inaweza kukuumiza kuliko mzigo wenyewe. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, geuza makopo ya nyumbani uangalie chini. Utaona kialama cha pembe tatu chenye namba. Mfumo huo ulianzia Marekani mwaka 1988 ili kutenganisha taka, na kwako wewe ni ramani ya hazina. Unaitafuta namba 6, au herufi PS. Baadhi ya vikopo vya mtindi na mifuniko ya vinywaji ni hiyo. Ukikuta 5, hiyo ni polipropilini, achana nayo. Gundi na rangi vyote vitaibandukia. Namba 2 na 4 ni hivyohivyo.

Angalizo: boksi jeupe la chipsi la kubeba nalo huandikwa 6, lakini limejazwa hewa. Ukiligusisha gundi ya polistireni linaliwa mbele ya macho yako.

Madirisha je? Kava la CD au la kaseti kuukuu. Ile plastiki angavu ni polistireni, ila ni kavu, inapasuka kwa hasira, kata taratibu. (CD yenyewe acha, ile ni plastiki nyingine kabisa.) Kubandika kioo tumia gundi nyeupe ya mbao. Supaglu inaacha ukungu mweupe, basi lote litaonekana limetoka kupita kwenye vumbi la moramu.

Unene usikisie. Basi la mita 12 kwa kipimo cha 1 kwa 50 linakuwa sentimita 24, na kila milimita moja yako ni sentimita tano za kweli. Ukipiga paa kwa plastiki ya milimita mbili, umemwaga zege la sentimita 10! Paa na milango vinataka nusu milimita, sakafu ndiyo ivumilie nene.

Hapo kwenye sakafu nenda kwa wachora mabango. Yale mabao meupe mepesi ni PVC, na mabaki madogo huwa wanayatupa. Omba kwa adabu. PVC haisikii gundi ya polistireni, tumia supaglu, na ifanyie dirishani upepo unapopita. Supaglu ndiyo pia ya kushikisha plastiki kwenye kigari cha chuma.

Kukata, usipambane hadi chini. Weka rula ya chuma, pitisha wembe mara mbili tatu, kisha pinda. Itavunjika kwenye mstari, safi kabisa.

Sasa lile la masela wa vijiweni, kuchoma kipande ili kujua ni plastiki gani. Acheni, jamani. PVC ikiungua inatoa hewa ya asidi inayochoma macho na mapafu, na polistireni nayo moshi wake ni mweusi na mchafu. Isiyo na namba, dondoshea tone la tina ya rangi kwenye kona. Isiposhtuka kabisa, weka pembeni. Ikinata, ijaribu kwa gundi kwenye vipande viwili vya taka kabla hujaigusisha bodi.

Na wewe uliyeahidi kumtengenezea dereva kibasi cha kuweka kwenye dashibodi, na kishika uchumba umeshakula, sikia: PVC hulegea karibu na nyuzi joto 80, polistireni karibu na 100. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la Dar linaisogelea hiyo 80. Ukuta wa PVC nyembamba utaona umepiga tumbo, na jamaa atataka chake. Hapo bodi iwe namba 6 tupu, mihimili ndani, na umwambie akiweke upande wa kivuli.

Wiki ijayo tunaingia kwenye rangi.